Firigisi ya Mkwe

Nyumbani kwetu, Viwanja Sitini, kuna sheria nyingi, na karibu zote nimewahi kuzivunja kwa nyakati tofauti na kwa sababu nzuri. Moja tu nilikuwa sijaigusa, kwa kuwa hata mimi nina mipaka. Sheria hiyo inahusu firigisi.

Kuku akichinjwa kwetu, mapaja yana watu wake na mgongo una watu wake. Kichwa na miguu huachiwa watoto, wajifunze subira. Lakini firigisi ni ya mwanamume mmoja tu. Siku za kawaida ni ya baba. Akija mgeni wa heshima, ni ya mgeni. Na akija kijana kujitambulisha kwamba anataka kuoa, firigisi hupanda cheo mpaka mwisho wa ngazi. Huwekwa peke yake kwenye kibakuli, kijana huikata katikati mbele ya watu wote, nusu moja hula yeye na nusu ya pili humkabidhi baba wa binti kwa mikono miwili. Baba akishaitafuna na kusema "nimeimeza," posa imekubaliwa. Mazungumzo mengine yote yanayofuata ni mapambo.

Mwanamke haonji firigisi. Nikiwa mdogo niliuliza kwa nini, nikaambiwa ndivyo ilivyo, jibu ambalo baadaye nilikutana nalo tena kwenye hisabati.

Msidhani ni jambo la mzaha. Mwaka juzi kijana mmoja mtanashati alikuja kwa ajili ya binamu yangu Oliva. Akaletewa firigisi, akasema, "Nashukuru, nimeshiba." Baba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akamwuliza ameshibia nyumba gani. Kijana akacheka, akidhani anataniwa. Binamu Oliva yupo kwao Lumemo mpaka leo, anafuga bata, na mtu akisema "nimeshiba" mbele yake anainuka na kutoka nje.

Kwa hiyo mtaelewa hali niliyoikuta niliporudi kutoka shule ya bweni, likizo ya Juni. Dada yangu Agnella, mwalimu wa chekechea, mtu ambaye kwa kawaida hula kama anashindana, alikuwa amekonda. Jioni ileile alinivuta nyuma ya jiko, akakaa juu ya kinu, akaanza kujibandua rangi ya kucha.

"Egidius anakuja Jumapili kujitambulisha," akasema. "Na mshenga wake."

"Hongera dada. Mbona uso kama wa mtu aliyeitwa na mwalimu wa nidhamu?"

"Herieth, Egidius hali kuku."

"Tutamchinjia bata."

"Hali bata. Hali mbuzi. Hali samaki. Hali kitu chochote kilichowahi kuwa na macho."

Nikakaa chini. Kukataa nyama naweza kukuelewa, lakini sisi ni watu wa bonde la Kilombero. Samaki kwetu ni kama ndugu wa upande wa mama.

"Hata kambale?"

"Hata kambale."

"Dagaa je? Dagaa si mnyama, ni kiungo."

"Hata dagaa."

"Shuleni kwetu angepata tabu. Maharage yetu yana wadudu. Ukiikimbia nyama unaikuta imekutangulia kwenye maharage."

"Mimi sicheki, Herieth."

Nikashauri Egidius ameze tu. Nusu ya firigisi ni kitu gani; afumbe macho kama anayekunywa dawa ya malaria. Agnella akatikisa kichwa.

"Alijaribu Pasaka, kwa mama yake. Kipande kidogo tu cha kuku, asimuudhi. Alitapika mpaka machozi yakamtoka. Sasa fikiria atapike mbele ya baba."

Nikafikiria. Nilifikiria kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu ilikuwa picha ya kuvutia. Halafu nikamtazama dada, nikaona rangi yote ya kucha imeshatoka na sasa anabandua ngozi.

"Basi mwambieni baba ukweli kabla."

"Nimwambie nini? Kwamba mkwe amekataa firigisi hata kabla ya kuku kuchinjwa? Atasema asije kabisa." Akaficha vidole ndani ya khanga. "Mimi nimempenda, mdogo wangu. Sitaki kufuga bata."

Hapo utani ukanitoka kwa karibu dakika nzima. Kisha ukarudi ukiwa na mpango.

Mimi ni mtu wa bweni. Bwenini mtu hujifunza kukifanya kitu kionekane kingine: kitanda kitupu kionekane kimelaliwa, daftari la mwaka jana lionekane la mwaka huu, na uso wangu uonekane unasali. Mama huanika uyoga wakati wa masika na kuuhifadhi kwenye mfuko juu ya dari la jiko. Uyoga mkavu ukiulowesha unakuwa na rangi ya udongo na ukaidi fulani, na ukiutafuna unakutafuna nawe. Nikamwambia Agnella ajipake rangi nyingine, kazi iliyobaki niachiwe mimi.

Jumamosi nilijifungia jikoni na vipande viwili vya uyoga, sindano, na uzi mweusi niliotoka nao shule. Firigisi ina mashavu mawili yaliyobanana. Nikavikunja vipande vile, nikavishona pamoja mpaka vikapata mashavu. Nikaikaanga kwa mafuta ya alizeti kwenye kikaango ambacho hakijawahi kuguswa na kuku, maana kama unadanganya, danganya kwa uaminifu. Ilipoiva niliitazama nikajisikia kama Muumba siku ya tano.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nikajitolea kumshughulikia jogoo.

"Wewe?" mama akauliza.

"Nimekua, mama."

Mama alinitazama kama anayekagua noti kwenye mwanga, lakini alikuwa na wali wa kupika.

Baba ndiye aliyechinja, mimi nikashika miguu kwa mkono mmoja na kifua kwa mwingine. Nimewahi kushika miguu ya kuku wengi, lakini siku hiyo, kwa sababu ya habari za Egidius, nilijikuta nausikia moyo wa yule jogoo ukigonga ndani ya kiganja changu, haraka, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango uliofungwa. Sikupenda. Nilitaka kumwambia baba asubiri kidogo, ingawa sikujua asubiri nini. Kisha ikawa imekwisha, nikamnyonyoa, na baada ya muda harufu ya mchuzi ilipozagaa nikasahau kila kitu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Likabaki tatizo moja, nalo ni firigisi ya kweli. Nilikuwa nimeipasua, nimeisafisha, nimeichemsha na kuikaanga pembeni, na sasa jikoni kwetu kulikuwa na firigisi mbili za kuku mmoja. Ushahidi wa namna hiyo humfunga mtu. Kuutupa nisingeweza, kwa kuwa masista wametufundisha kwamba kutupa chakula ni dhambi. Nikaenda nyuma ya jiko na chumvi kidogo.

Ilikuwa tamu. Sasa najua kwa nini walituambia si yetu.

Wageni walifika mchana. Egidius alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa. Huendesha kombaini, ile mashine ya kuvunia mpunga, na msimu huu alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja. Mshenga wake, Mzee Kassian, alitoka naye Mlimba kwa treni. Alikuwa mzee mdogo wa umbo, amevaa koti licha ya joto, na tangu aingie hakuwa amesema neno zaidi ya kuitikia salamu. Upande wetu walikuwa baba, mama, na Shangazi Eufrasia, dada mkubwa wa baba, ambaye kwa mambo ya mila ndiye mahakama ya rufaa.

Shikamoo zikapigwa, marahaba zikaitikiwa, mavuno yakaulizwa. Agnella akapita na jagi na beseni kunawisha mikono. Alipofika kwa Egidius nikamsikia ananong'ona, "Kula bila wasiwasi." Egidius akamtazama bila kuelewa. Baba akaongoza sala, ndefu kidogo kuliko kawaida, na mimi nikaleta kibakuli.

Nilikiweka mbele ya mgeni na kurudi nyuma hatua chache kwa unyenyekevu. Firigisi yangu ilikuwa inang'aa. Egidius alimeza mate, si ya hamu. Akachukua kisu, akakata.

Kisu kilipita upande wa kwanza vizuri. Katikati kikagoma. Akakandamiza, nusu mbili zikaachana, na kati yao ukabaki uzi mweusi, umenyooka kama waya wa umeme kati ya nguzo mbili.

Mama akaacha kupakua wali.

"Huyu kuku," baba akasema taratibu, "aliwahi kufanyiwa upasuaji?"

Nikajitokeza. "Baba, kuku wa kienyeji hula kila kitu. Unakumbuka mwaka jana mama alikuta kifungo cha shati lako kwenye firigisi?"

"Ni kweli," mama akasema. "Cha shati la bluu."

Shangazi naye akaongeza kwamba yeye aliwahi kukuta hereni. Nikaona uso wa baba unalegea. Uongo ulikuwa umesimama wenyewe kwa miguu yake, una mashahidi wawili watu wazima, na ningeweza kurudi jikoni nikiwa mshindi. Ndipo Egidius akaweka kisu chini.

"Mzee," akasema, "hii si firigisi. Ni uyoga."

Nimewahi kukutana na watu wasema kweli, lakini kwa kawaida husubiri wakamatwe kwanza.

"Uyoga," baba akarudia.

"Harufu yake naijua. Mimi sili nyama, Mzee, huu ni mwaka wa pili. Nadhani nimetengenezewa ili nisiaibike. Nilipaswa kukuambia mwenyewe kabla ya kuja, lakini niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Nilisikia habari za yule aliyeshiba."

Agnella alikuwa amesimama mlangoni na jagi lake. Maji yalikuwa yanamwagika kidogo kidogo miguuni kwake na hakujua.

Shangazi Eufrasia ndiye aliyeanza mashtaka. "Huli nyama kwa sababu gani, mwanangu? Umekatazwa na daktari?"

"Hapana, shangazi."

"Dini?"

"Mimi ni Mkatoliki, shangazi. Ni moyo tu."

"Moyo. Na mchicha je, hauna uhai? Ukiuchuma si unanyauka? Tikiti ukilipasua si linatoka maji mekundu? Hayo huyaonei huruma kwa sababu hayana mdomo wa kulia?"

Mimi kimoyomoyo nikampa shangazi alama zote. Egidius hakucheka wala hakukasirika.

"Nimelifikiria hilo, shangazi," akasema. "Labda mchicha nao unaumia kwa namna yake, siwezi kuapa. Lakini sijawahi kuuona mchicha unakimbia."

Akatueleza. Kombaini huvuna shamba kwa kuzunguka, kuanzia kingoni kuelekea katikati. Kadiri inavyozunguka, kila kiumbe kilichokuwa kimejificha ndani ya mpunga kinasogea ndani, kinasogea ndani, mpaka kinabaki kipande kidogo cha mpunga uliosimama, kama chumba kimoja. Vijana huwa tayari wamekizunguka na fimbo na mbwa, kwa ajili ya ndezi, yule panya wa mabondeni anayenenepa kama paka. Na ndezi wa kwanza kwa desturi ni wa dereva.

"Mwaka juzi nilikuwa navuna, nimebakiza kipande hicho. Kule juu kwenye kiti unaona vizuri. Niliwaona wamejazana mle. Ndezi na watoto wake, kwale, sungura, hata nyoka, na wala hawakuwa wanagombana. Wote walikuwa wananiangalia mimi. Nikazima mashine."

"Ukafanya nini?" mama akauliza.

"Mwenye shamba alinitukana, nikaiwasha tena. Ilikuwa kazi yangu. Jioni wakaniletea ndezi wangu, amekaangwa vizuri, na nilikuwa na njaa. Sikuweza kumeza. Tangu siku hiyo siwezi."

Baba alikuwa ameinamisha kichwa. "Wewe siyo dereva aliyevuna kwa Kelestini mwezi uliopita? Akaanzia upande wa barabara akaenda moja kwa moja mpaka porini?"

"Ni mimi, Mzee. Siku hizi navuna hivyo. Wanapata njia ya kutokea."

"Kelestini analalamika mpaka leo. Vijana wake walisimama na mbwa mchana kutwa, wakaambulia chura."

Shangazi akaziba mdomo kwa upande wa khanga. Baba hakutabasamu. Akasogeza sahani yake ya wali mbele kidogo.

"Lakini huu unakula."

"Nakula."

"Na unajua umetokaje shambani. Mashine yako ina visu."

"Najua kuliko wengi, Mzee. Huu nao una damu. Hata nikivuna kuelekea porini wapo ambao hawawahi kutoka, na wapo ndege waliotegwa kabla mimi sijafika."

"Basi kuna faida gani kumwacha ndezi mmoja?"

Egidius akaitazama sahani ya baba. "Wali siwezi kuuacha," akasema mwishowe. "Nikiuacha nitakufa, na watu wa kwetu watacheka msibani. Nyama naweza. Basi naacha ninachoweza kuacha. Sisemi anayekula ana dhambi. Mama yangu anakula, Agnella anakula. Mimi ndiye nisiyeweza."

Baba hulima mpunga tangu akiwa mtoto. Ameamia ndege, ametega panya, amelala shambani akiulinda dhidi ya viboko. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wali wake una damu, na nilivyomwona siku ile, nadhani alikuwa anajua siku zote na alikuwa hajapata wa kuzungumza naye.

"Tumbo lako ni lako," akasema. "Na umesema kweli wakati binti yangu alikuwa ameshakuokoa. Hilo nimeliona." Akanitupia jicho fupi ambalo sikulipenda. "Lakini firigisi kwetu si chakula, ni neno. Mtu hajibiwi kwa uyoga. Sasa tufanye hivi. Italetwa ile ya kweli. Utaikata kwa mkono wako, nusu utanipa mimi, na nusu yako mshenga wako ataila kwa niaba yako. Mzee Kassian, unaweza?"

Mzee Kassian akashusha pumzi kama mtu anayetwishwa msalaba. "Nitajitahidi," akasema, huku ameshajisogeza kwenye kiti.

Nyumba nzima ikapumua. Mama akafunga macho na kuyafungua. Agnella akaweka jagi chini, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi likizo nikaona mabega yake yanashuka mahali pake. Jambo lilikuwa limetatuliwa, kwa heshima, bila mtu kutapika.

"Herieth," baba akasema, "kalete."

Sikusogea.

"Herieth."

"Abee, baba."

"Firigisi."

"Ipo salama, baba."

"Ipo wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya kabati?"

Nikatazama kabati, kwa matumaini. "Ndani yangu, baba."

Shangazi Eufrasia alinyanyua mikono yote miwili kama anayeona mafuriko. Mama akasema "Yesu wangu" kwa sauti ya chini kabisa. Baba akasimama, na baba akisimama paa letu huonekana fupi. Lakini sikumwangalia yeye. Nilimwangalia dada, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Nilikuwa tayari kuchapwa, kufungiwa, kunyimwa nauli ya kurudi shule. Sikuwa tayari kumwona amejifunika hivyo kwa sababu yangu, na nikatamani ile firigisi iweze kurudi kwa njia iliyoingilia.

"Samahani, Mzee Salvatory," ikasema sauti.

Alikuwa Mzee Kassian. Alikuwa ameinua kidole kama mwanafunzi.

"Naomba nielewe vizuri, ili nikiulizwa Mlimba nisipotoshe. Sisi ni wageni. Tumepanda treni, tumefika, tumenawishwa mikono. Ndivyo?"

"Ndivyo," baba akasema, bado amesimama.

"Kijana wangu akaletewa kibakuli chenye uyoga ulioshonwa kwa uzi."

"Ndivyo."

"Na firigisi ya mgeni imeliwa jikoni. Na binti wa nyumba."

Mzee Kassian akakunja mikono juu ya koti lake.

"Basi kijana wangu hajakataa firigisi. Hakupewa."

Nilimwona Shangazi Eufrasia anageuza kichwa, polepole, kama mlango mzito. Mila ikiguswa shangazi hana ndugu. Hufuata inakoelekea hata kama inaelekea kwa kaka yake.

"Kaka," akasema, "keti."

"Eufrasia..."

"Keti kwanza. Huyu mzee ana haki. Anayekataa firigisi amewakosea wenyeji. Lakini mgeni akinyimwa firigisi, wenyeji ndio waliomkosea mgeni. Marehemu baba alisema hivyo, ulikuwepo. Kwa mujibu wa mila, kaka, hapa mwenye kosa ni wewe."

Baba akaketi.

"Huko kwetu," Mzee Kassian akaongeza kwa huzuni kubwa, "watu wangeshaondoka. Lakini sisi tumeona tuvumilie."

"Mwenye kosa hufanya nini?" baba akauliza.

"Huomba radhi," shangazi akasema. "Na hutoa kuku mzima, anayetembea kwa miguu yake, aende na wageni."

"Kuku mzima. Kwa mtu asiyekula kuku."

"Mila haiulizi atamfanya nini."

Uso wa baba ulifanya jambo ambalo mwanzoni nilidhani ni hasira inayotafuta njia. Mashavu yalitetemeka, pua ikapanuka. Alishika ukingo wa meza. Kisha nikatambua kwamba mzee wa watu alikuwa anazuia kicheko, na kwamba alikuwa anashindwa.

"Kijana," akasema alipoweza, "tunaomba radhi. Binti yetu ana elimu, lakini njaa imeizidi."

"Nimesamehe, baba," Egidius akasema. Nikaona amebadilisha, mwanzo alikuwa anasema Mzee.

Akachukua nusu moja ya uyoga, akaitia mdomoni, akatafuna. Nusu ya pili akaiweka kwenye kiganja na kuinyoosha kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Haikuwa firigisi, kila mtu aliyekuwa pale alijua. Baba aliitazama kwa muda. Halafu akaichukua, akavuta uzi kwa vidole viwili mpaka ukatoka wote, akauweka pembeni ya sahani, akatafuna kwa umakini.

"Chumvi imezidi," akasema. Akameza. "Lakini nimeimeza."

Mama akapiga kigelegele kifupi, kama mtu asiyeamini bado, kisha kirefu. Shangazi akakipokea. Jirani wa upande wa pili wa ua, ambaye hakuwa anajua lolote, naye akapiga.

Hukumu yangu ilitolewa papo hapo, chakula kikiendelea: likizo yote iliyobaki nitaishia kwenye shamba letu la Lumemo, kufunga magunia na kupikia wavunaji, na jioni nitafua. Niliipokea kwa kichwa kilichoinama na moyo mwepesi kama pumba. Ningeongezewa wiki, ningeshukuru.

Nikatumwa kukamata kuku wa radhi. Mtetea aliyechaguliwa na shangazi alikuwa na mbio na hakuwa na imani na familia yetu, kwa sababu zinazoeleweka. Nilimkimbiza mara mbili kuzunguka jiko, nikashindwa, mpaka Egidius akaja kunisaidia.

Tukamkuta Agnella nyuma ya jiko. Alikuwa amekaa juu ya kinu na sahani iliyojaa mapajani, anakula paja la kuku kwa mikono miwili, mchuzi umefika kwenye viwiko. Alikuwa hajala mlo wa maana siku nyingi na sasa njaa yote ilikuwa imerudi na jamaa zake. Alipomwona Egidius akasimamisha paja njiani.

"Usinitazame hivyo," akasema.

"Nakutazama tu. Ulikuwa umekonda."

"Nitakuwa nakula nyama, Egidius. Nakuambia mapema, leo watu wanasema ukweli. Nitakula nyumbani kwetu, mbele yako, na samaki pia."

"Kula."

"Hutachukia?"

Egidius akafikiria, kwa uzito uleule aliomjibia baba.

"Nitakuwa nakusogezea pilipili," akasema.

Agnella akacheka huku mdomo umejaa, akapaliwa, akakohoa, akacheka tena mpaka machozi yakachanganyika na mchuzi. Egidius akakaa chini kwenye gogo la kuni pembeni yake, akachukua kijiko, akaanza kula wali upande wa sahani ambao mchuzi haukufika. Mtetea akapita katikati yetu bila haraka, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeinuka, nikaenda kumkimbiza peke yangu.